Puto na Maneno Yake

Puto ni kitu chepesi, na maneno yatokanayo na puto huhesabiwa na watu wengi kuwa mepesi vile vile. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao mpaka siku moja mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliponiletea insha ya Kiingereza juu ya furaha ya nyumbani kwao. Alikuwa amefaulu mtihani, naye alitaka kueleza jinsi baba yake alivyojaa furaha. Aliandika kwamba baba yake alikuwa "inflated". Nilishika kalamu nyekundu, nikalikata neno lile, nikapunguza alama, nikaendelea na daftari lililofuata.

Jioni kijana yule alinijia na daftari lake mkononi. Aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, wiki iliyopita tulisoma kwamba bei yaweza kuwa 'inflated', na puto likijazwa pumzi huwa 'inflated'. Mbona baba yangu hawezi?" Nilimjibu kwamba Waingereza hawasemi hivyo. Alinishukuru, akaenda zake. Lakini niliona usoni pake kwamba nilikuwa nimemnyamazisha, wala sikuwa nimemjibu. Mtu aweza kujua kanuni ya lugha asijue sababu yake. Siku ile nilikuwa mtu huyo.

Insha hii ni jibu lililochelewa. Naandika kwa ajili ya kijana yule, na kwa ajili yako wewe msomaji uliye shuleni, kwa sababu nimekuja kuamini kwamba swali lake halikuwa la neno moja tu. Lilikuwa swali la namna lugha inavyochukua picha ya kitu kimoja na kukivika kitu kingine. Basi nitayachukua maneno ya Kiingereza yanayohusu puto, yale ambayo utakutana nayo katika gazeti, katika mtihani na katika mazungumzo, na nitayapima moja baada ya jingine. Mengine yatatufanya tucheke kidogo. Lakini mwishoni tutafika mahali ambapo neno la puto laweza kumdhulumu mtu, na hapo hapatakuwa na kicheko.

Kila neno la namna hii lina maana mbili. Ukisema kwamba mlango umefungwa, ukakusudia mbao na bawaba, umetumia maana halisi. Ukisema kwamba mlango wa kazi umefungwa, hapana mbao wala bawaba pale. Umetumia maana ya mfano. Mtu aliyezaliwa katika lugha huipokea tofauti hiyo pamoja na maziwa ya mama. Sisi tunaojifunza lugha ya pili hatuna budi kuuliza, na maswali ya kuuliza ni matatu. Mfano umechukua nini kutoka katika kitu chenyewe? Umeacha nini? Tena, umekuja na hukumu gani, sifa au lawama? Swali la tatu ndilo lililomponza kijana wangu.

Yatupasa kwanza kulijua puto lenyewe. Neno "balloon" lilikuwako katika Kiingereza tangu karne ya 16, kabla ya mtu yeyote kuruka angani. Asili yake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya mpira mkubwa, nalo lilitumiwa kwa mpira wa ngozi uliojazwa hewa kwa ajili ya mchezo. Mwaka 1783 neno hilo lilipata kazi mpya. Huko Ufaransa ndugu wawili wa ukoo wa Montgolfier, ambao jamaa zao walikuwa watengenezaji wa karatasi, walirusha puto kubwa mbele ya watu katika mji wa Annonay tarehe 4 Juni. Tarehe 19 Septemba, huko Versailles, puto lao lilipaa mbele ya mfalme likiwa na abiria watatu: kondoo, bata na jogoo. Tarehe 21 Novemba watu wawili, Pilâtre de Rozier na Marquis d'Arlandes, waliruka juu ya Paris kwa muda wa dakika 25 hivi.

Ndugu wale walidhani kwamba katika moshi mlikuwa na kitu cha ajabu kilicholipandisha puto. Leo twajua kwamba sababu ilikuwa joto. Hewa ikipata moto hutanuka. Ikitanuka huwa nyepesi kuliko hewa baridi iliyo nje. Na kwa wepesi huo huinuka na kubeba mzigo. Ukibahatika kuamka alfajiri katika Maasai Mara utaliona jambo hilo kwa macho yako. Mfuko mkubwa wa nguo umelala majanini, moto unanguruma kinywani mwake, nao unavimba polepole mpaka unasimama na kuwachukua watalii juu ya makundi ya nyumbu.

Katika mwaka ule ule wa 1783, tarehe 27 Agosti, puto jingine, lililojazwa gesi ya haidrojeni na lisilokuwa na mtu, lilirushwa kutoka Paris likaanguka karibu na kijiji cha Gonesse. Wanakijiji waliogopa, wakadhani kwamba limewashukia dubwana, wakalishambulia kwa zana zao za shambani. Walipolitoboa hawakukuta nyama wala damu. Maputo madogo ya mpira tunayoyaona katika sherehe yalikuja baadaye. Mwaka 1824 Michael Faraday, mwanasayansi wa London, alitengeneza mifuko ya mpira kwa ajili ya majaribio yake ya gesi, na maputo ya watoto ni wajukuu wa mifuko hiyo.

Sasa tuna habari za kutosha. Puto, liwe la Mara au la sherehe ya mtoto, lina tabia tatu. Kwanza, ukubwa wake hautoki katika mwili wake. Huletwa kutoka nje. Pili, ukubwa huo si uzito. Ukishika ndani hupati cha kushika. Tatu, mwisho wake waweza kuwa wa ghafula. Karibu mifano yote ya Kiingereza itokanayo na puto imechota katika tabia hizi tatu. Zishike moyoni tunapoendelea.

Tuanze na neno lililotuleta hapa. "Inflate" limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kupuliza ndani, na Kiingereza kilikuwa nalo karne nyingi kabla ya Montgolfier. Kwa maana halisi, gurudumu la baiskeli huwa "inflated", na puto vile vile. Kwa maana ya mfano, bei huwa "inflated" ikizidi thamani ya kitu kinachouzwa. Sifa za mtu huwa "inflated" zikimzidi mtu mwenyewe. Hesabu ya waliohudhuria mkutano huwa "inflated" ikiwa waliokuwapo ni mia na mwenye kuhesabu amesema elfu. Tazama vizuri mifano hii mitatu. Hapana hata mmoja ulio sifa. Katika kila mmoja neno lasema: ukubwa huu si wa haki, umetiwa kutoka nje, na ndani hapana kitu. Hiyo ndiyo hukumu inayosafiri ndani ya neno hili, nalo haliwezi kuivua kama mtu avuavyo koti mlangoni.

Kiswahili nacho kimeona kitu kama hicho. Twasema kwamba fulani amevimba kichwa, tukimlaumu kwa majivuno. Lakini neno letu limekwenda njia nyingine pia, kwa kuwa kwetu mtu huvimba au hufura kwa hasira. Kiingereza hakimwiti mtu mwenye hasira "inflated". Picha ni moja, lugha ni mbili, na kila lugha imekata kipande chake. Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba akijua picha amekwisha jua neno.

Neno la pili ni "blow up", nalo ni neno la hatari kuliko linavyoonekana. Laweza kuwa na maana ya kujaza puto pumzi. Laweza kuwa na maana ya kulipua. Laweza kuwa na maana ya kuwaka hasira ghafula, au kuikuza picha ya kamera, au kulifanya jambo dogo kuwa kubwa. Mwanafunzi akiandika kwamba kabla ya sherehe walimu "blew up the balloons", ameandika vizuri. Akiandika kwamba walimu "blew up the hall", amewapeleka walimu wake gerezani. Kinachoamua ni jina la kitu lililo karibu. Kiswahili kimetengana na hatari hiyo kwa kuwa na kitenzi cha kupuliza na kitenzi cha kulipua, kila kimoja kwa kazi yake.

Kinyume cha "inflate" ni "deflate", yaani kutoa pumzi. Neno hili ni changa kuliko mwenzake kwa karne kadhaa. Kiingereza kilijua kumpuliza mwenye majivuno muda mrefu kabla ya kupata neno hili la kumtoa upepo. Kwa mfano, mtu huwa "deflated" akiingia chumbani na maneno makubwa, kisha swali moja dogo likamwondolea yote. Kiswahili kina neno zuri sana kwa hali hii, nalo ni kunywea. Kitu hunywea kikipungua mwili, na mtu hunywea akipungua mbele ya watu. Siku yule kijana aliponiuliza swali lake, mimi ndimi niliyenywea, ingawa nilijitahidi kusimama wima.

Baada ya kuvimba huja kupasuka, na neno la Kiingereza ni "burst". Hapa puto lina ndugu yake mdogo, povu, ambalo Waingereza huliita "bubble". Ndugu hawa wawili wamegawana urithi mmoja: wote ni ngozi nyembamba juu ya hewa. Huko London mwaka 1720 watu walinunua hisa za kampuni moja ya biashara ya Bahari ya Kusini kwa pupa kubwa. Mwanzo wa mwaka hisa moja iliuzwa kwa paundi 128 hivi. Kiangazi ikakaribia paundi 1,000. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeanguka chini ya paundi 200. Wengi walifilisika, hata mtaalamu mkubwa Isaac Newton alipoteza fedha. Mambo yale yaliitwa povu, na mpaka leo bei ikipanda bila msingi Waingereza husema "bubble", na ikianguka husema kwamba povu "has burst". Naona kwamba mfano huu ni wa haki. Umechukua wembamba wa ngozi, umechukua utupu wa ndani, umechukua na ghafula ya mwisho, na yote matatu yalikuwamo katika biashara ile.

Si kila mfano ulio wa haki kiasi hicho. Chukua "hot air", yaani hewa ya moto, jina ambalo Waingereza huyapa maneno mengi yasiyo na maana. Mgombea akiahidi daraja mahali pasipo na mto, hotuba yake ni "hot air". Twafahamu kinachokusudiwa. Lakini rudi Mara alfajiri, ukaulize: ni nini kilichouinua mzigo ule wa watu na kapu lao? Ni hewa ya moto, si kitu kingine. Mfano umechukua wepesi wa hewa hiyo ukaacha nguvu yake. Sisi husema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Nikiwa mhakiki naona methali yetu ni picha ya haki zaidi, wala siipendelei kwa sababu ni ya kwetu. Debe hupiga kelele kwa sababu ni tupu. Utupu na kelele vimefungwa pamoja kama chanzo na tokeo. Hewa ya moto haipigi kelele, nayo hufanya kazi. Lugha kubwa yaweza kuwa na mfano dhaifu, na mwanafunzi ana ruhusa ya kuliona hilo.

Kuna semi tatu ambazo ni lazima uzijue nzima nzima, kwa kuwa ukizivunja hazifai. Ya kwanza ni "trial balloon". Hapo kwanza lilikuwa puto dogo lililotangulizwa ili watu waone upepo unakwenda wapi kabla ya kuhatarisha maisha yao, na usemi wenyewe umefuata usemi wa Kifaransa. Leo kiongozi akitaka kuongeza ada, naye anaogopa wananchi, huruhusu habari ivuje kidogo, kisha husikiliza. Watu wakikasirika, husema kwamba hakuwa na nia hiyo. Ya pili ni "the balloon goes up", yaani shari imeanza. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi yalipandisha maputo yaliyofungwa kwa kamba, na ndani ya kapu alikaa mtu wa kuonyesha mizinga ilenge wapi. Aliyeliona puto likipanda alijua kinachofuata. Ya tatu ni "lead balloon", puto la risasi, ile madini nzito. Mzaha usiomchekesha mtu, au shauri lisilompendeza yeyote, husemwa kwamba limeshuka kama puto la risasi. Hapa mfano wafanya kazi kwa kupingana: puto lipaswalo kupanda limepewa madini ya kulizamisha.

Mpaka hapa tumekaa darasani. Sasa tutoke nje, twende dukani, kwa maana kuna neno moja la puto ambalo kila mama aendaye kununua unga analijua hata kama hasomi Kiingereza. Neno hilo ni "inflation". Kwa maana halisi ni kule kujaza pumzi. Kwa maana ya mfano ni kupanda kwa bei za vitu vyote na kupungua kwa nguvu ya fedha. Mfano mashuhuri ni Ujerumani. Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na maki 4.2. Mwezi wa Novemba 1923 dola hiyo moja ilikuwa sawa na maki trilioni 4.2. Serikali ilikuwa imechapa noti bila kiasi; karatasi zikajaa, thamani ikakimbia. Hapo picha ya puto yafaa kabisa, maana mpulizaji anajulikana.

Lakini Kiswahili hakikutafsiri picha hiyo. Kilichagua yake, kikasema mfumuko wa bei. Kufumuka ni hali ya mshono unaoachana, au mkeka unaoachia miyaa yake. Fikiri juu ya tofauti hiyo. Picha ya Kiingereza yauliza: ni nani anayepuliza? Picha ya Kiswahili yauliza: ni uzi upi uliokatika? Kila moja ni taa, nayo yaangaza upande wake. Serikali ikichapa noti bila mpango, uliza juu ya mpulizaji. Mvua zikikosekana, mahindi yakapungua, na bei ya unga ikapanda, hapana mtu anayepuliza. Uzi wa mvua umekatika, na nguo yote inaachana. Mwanafunzi mwenye lugha mbili ana maswali mawili pale ambapo mwenye lugha moja ana moja. Hiyo si faida ndogo, na ndiyo sababu mojawapo inayonifanya nisikubali Kiswahili kiwekwe kando wakati Kiingereza kinapofundishwa.

Sasa nafika katika neno nililoliogopa tangu mwanzo. Kiingereza hulitumia jina "balloon" kama kitenzi pia. Katika magazeti yetu ya Kiingereza utasoma mara kwa mara kwamba deni la taifa "has ballooned", na kwamba jumla ya mishahara ya watumishi wa umma ni "ballooning". Sentensi hizi zimekuwa za kawaida hata jicho hupita juu yake bila kusimama. Simama leo. Zipime kwa maswali yetu matatu.

Mfano umechukua nini? Umechukua kule kukua upesi, na yamkini hesabu zinakubali. Umeacha nini? Umemwacha mpulizaji. Puto limevimba, lakini hakutajwa aliyelitia pumzi. Kana kwamba deni lilijikopa lenyewe, na mishahara ilijiandika yenyewe. Umekuja na hukumu gani? Hapa ndipo penye dhuluma. Kitu kilichovimba kama puto, tumekwisha kuona, ndani hakina kitu ila hewa. Asomaye sentensi ile huondoka akiamini, bila kuambiwa, kwamba mishahara hiyo ni pumzi tupu na kwamba anayelitoboa puto hilo hamuumizi mtu.

Nani yumo ndani ya puto hilo? Yumo muuguzi wa zamu ya usiku. Yumo mwalimu mwenye darasa la watoto sitini na kipande kimoja cha chaki. Nimo mimi mwenyewe. Mshahara wangu ni sehemu ya pumzi hiyo, nao umelipa kodi ya nyumba, sukari, na ada ya mdogo wangu. Wanakijiji wa Gonesse walipotoboa dubwana lao hawakukuta nyama wala damu. Atakayelitoboa puto hili atazikuta zote mbili.

Usinielewe vibaya, msomaji. Sisemi kwamba jumla ya mishahara si kubwa, wala sisemi kwamba haifai kupunguzwa. Huenda ni kubwa, huenda yafaa kupunguzwa. Hayo ni mambo ya hesabu, na hesabu zipo. Kanuni za fedha za umma za mwaka 2015 hapa Kenya ziliweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato. Hiyo ni lugha ninayoweza kujibizana nayo. Asilimia yaniruhusu kuuliza: asilimia ya nini, imehesabiwaje, na nani aliyezidisha? Neno "ballooning" haliniruhusu kuuliza chochote. Limekwisha hukumu kabla ya shahidi kusimama.

Wala sitakuwa mwadilifu nikificha upande wa pili. Kiswahili chenyewe, ambacho hakikuchukua picha ya puto kwa bei, kimechukua picha ya hewa kwa jambo moja. Mtu aliyeandikwa katika orodha ya mishahara, na mshahara wake ukalipwa kila mwezi, lakini yeye hayuko, twamwita mfanyakazi hewa. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwaondoa maelfu ya wafanyakazi hewa katika orodha zake, na hapa kwetu jina hilo si geni. Neno hili naliheshimu. Limechukua tabia ya pili ya puto, utupu wa ndani, likaiweka pale inapostahili: pana jina, pana fedha, mtu hapana. Basi orodha iliyojaa wafanyakazi hewa yastahili kuitwa puto, na mwenye sindano aitoboe, nami nitamshika mkono. Lakini orodha iliyojaa watu wanaoamka na kwenda kazini si puto. Kazi ya mhakiki, na kazi ya raia, ni kupambanua hewa na mtu. Neno likizichanganya mbili hizo, neno hilo limekosa, hata likiwa limechapwa katika ukurasa wa kwanza.

Sasa naweza kumjibu kijana wangu. Baba yako hakuwa "inflated" kwa sababu neno hilo lingesema kwamba furaha yake ilipulizwa kutoka nje, kwamba ilimzidi, na kwamba ndani yake hapakuwa na kitu. Nawe hukukusudia hayo. Mtu yule alikuwa ameuza mbuzi ili akulipie ada. Alikuwa amengoja miaka. Na ulipofaulu alijaa kitu kilichokuwa chake mwenyewe. Kiingereza kina neno kwa ajili yake. Kingekuruhusu useme kwamba alikuwa "bursting with pride". Utashangaa, maana "burst" tuliliona pamoja na povu. Lakini puto si kitu peke yake kinachopasuka. Gunia la mahindi nalo hupasuka, nalo hupasuka kwa kujaa mahindi. Puto likipasuka hubaki kipande cha mpira. Gunia likipasuka, watoto huitwa waje waokote.

Baba yako alikuwa gunia, si puto. Neno lako lilikuwa na kosa, na alama niliyoipunguza sikuirudisha. Lakini kosa lako lilikuwa dogo kuliko langu, kwa kuwa wewe uliuliza sababu, nami nilikuwa nayo karibu nisiitafute.

Nawe msomaji, utakapokutana na neno kubwa lililovimba, la Kiingereza au la Kiswahili, katika kitabu au katika hotuba, usikimbilie kulishangilia wala kulitoboa. Libonyeze kwanza kwa kidole. Uliza aliyelijaza ni nani, amelijaza nini, na yumo nani ndani yake.